Upande wa Kulia wa Baba

Baba aligongwa na baiskeli. Kwa mtu wa Tanga hilo si jambo la kuandikia makala, maana mji wetu umejaa baiskeli, na Ngamiani hukosi nyumba yenye mtu mwenye kovu la pedeli kwenye muundi. Kilichonikaa moyoni ni maneno ya kijana aliyemgonga, ambaye aliapa mbele ya watu waliokusanyika kwamba alipiga kengele, akapaza sauti, na kwamba mzee aligeuza uso upande wake kabla ya kukanyaga lami. "Wallahi dada, aliniangalia," alirudia, huku akiokota mikate iliyomwagika kutoka kwenye kapu lake. Tulimwona mwongo. Ilipita miezi kadhaa ndipo nikafahamu kwamba alikuwa amesema kweli tupu: Baba alitazama upande wake, ila hakumwona.

Wiki sita kabla ya ajali hiyo, Baba alirudi kutoka sala ya alfajiri ameshika kichwa, akasema kinamgonga kwa nyuma na kwamba jicho la kulia limeingia ukungu. Mimi mwenyewe nilimwambia anyanyue mikono yote miwili, kwa kuwa nilikuwa nimesikia redioni kwamba kiharusi hutambuliwa kwa uso, mkono na maneno. Aliinyanyua sawasawa, mdomo haukuwa umepinda, na maneno yalimtoka vizuri kiasi cha kuniuliza kama siku hizi nimekuwa mwalimu wa michezo. (Baba alifundisha shule ya msingi kwa miaka 34, na hapendi kuamrishwa na mtu aliyemfundisha kusoma.) Tukampeleka kwa watu wa miwani. Alisoma ubao wa herufi hadi mistari ya chini, isipokuwa kila mstari aliuacha kabla haujaisha, jambo ambalo mpimaji alilihesabu kuwa uchovu wa uzee. Tukanunua miwani mpya ya kusomea, tukarudi nyumbani tumeridhika.

Sehemu ya ubongo inayopokea picha kutoka machoni iko kisogoni. Kiharusi kikishika huko peke yake, mkono hauangushi kikombe wala ulimi hauwi mzito, kwa hiyo kile kipimo cha uso, mkono na maneno, ambacho kimeokoa watu wengi sana, humpita mgonjwa wa aina hii bila kumgusa. Ndiyo sababu wapo wataalamu waliokiongezea mambo mawili, yaani kuyumba ghafla na kubadilika ghafla kwa uwezo wa kuona. Mgonjwa mwenyewe naye huwapoteza njia wanaomsaidia, kwa sababu atasema "jicho la kulia" na jicho la kulia ni zima. Kinachoonekana upande wa kulia, kwa macho yote mawili, hupelekwa ubongo wa kushoto, na kinachoonekana upande wa kushoto hupelekwa ubongo wa kulia. Damu ikikosa kufika kisogoni upande wa kushoto, nusu ya kulia ya dunia hutoweka kwenye macho yote mawili kwa pamoja. Haitoweki kwa kuwa nyeusi, kama dirisha lililofunikwa pazia. Haipo tu, kama wewe usivyoona kilichoko nyuma ya kisogo chako na wala hukumbuki kukisikitikia.

Siku ya baiskeli tulimkimbiza hospitali, ambayo sitaitaja, wakamshona kidonda, wakampima presha wakakuta 210 kwa 120, na hapo ndipo wakashtuka. CT scan ilionyesha kiharusi upande wa kushoto kwa nyuma, tena si cha siku hiyo. Akapewa dawa za presha na aspirini. Daktari alimwambia abane vidole vyake, anyooshe miguu, atembee hadi mlangoni na kurudi, kisha akatugeukia akiwa na furaha ya kweli: "Mzee ana bahati. Hiki ni kiharusi kidogo." Neno hilo tulilishika. Tuliwapigia ndugu wa Muheza na Pemba kuwaambia ni kidogo, watu wakaleta maziwa na machungwa, dua ikasomwa, na Baba akakaa barazani na kiharusi chake kidogo, akigonga mwimo wa mlango kwa bega la kulia kila alipoingia ndani.

Mambo ya ajabu yalianza kwenye kusoma. Gazeti alilokuwa akilimaliza kabla ya chai kupoa likawa linamchosha katika aya ya kwanza. Alisema waandishi wa siku hizi hawajui kukamilisha sentensi. Lakini jioni alifungua msahafu akasoma kwa mwendo wake wa siku zote, akikwama tu mwanzoni mwa mstari, ambapo alikuwa akipapasa kwa kidole kama anayetafuta swichi gizani. Nyumbani pakazuka maneno. Mjomba aliona ni baraka, kwamba Mwenyezi Mungu amemwachia kitabu chake na kumwondolea upuuzi wa siasa. Mama, ambaye ameishi naye miaka 41, alihisi anachagua tu la kulifanya na la kutolifanya, akamnunia siku mbili.

Leo jambo hilo linanifundisha kuliko maelezo yote niliyopewa. Kiswahili chetu cha magazetini kinakwenda kushoto kwenda kulia, kwa hiyo jicho la Baba lilikuwa likitembea kuelekea mahali ambapo kwake hapakuwepo, kila neno likikatika kabla halijafika mwisho. Kiarabu kinatoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo maneno yajayo aliyaona, na shida ilikuwa kulipata neno la kwanza la mstari, lililokaa upande aliopoteza. Na hata hapo kumbukumbu ya aya alizosoma tangu utotoni ilimvusha. Mtu mmoja, macho yale yale, chumba kile kile na taa ile ile. Kama kuna aliyehitaji ushahidi kwamba tatizo halikuwa kwenye mboni, ushahidi ulikuwa mapajani mwake kila jioni, nasi tukawa tunabishana kama ni baraka au ni kisirani.

Aliyeutambua alikuwa daktari kijana wa Dar es Salaam, ambako tulikwenda kwa jambo jingine kabisa, dawa za presha zilizokuwa zikimvimbisha miguu. Alipomwona Baba akikosa kiti alichonyooshewa upande wa kulia, aliweka kalamu chini.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu."

Alivuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. Akamwomba afunike jicho la kushoto kwa kiganja na kumtazama puani. Akanyanyua mikono yake miwili, mmoja kila upande, akachezesha kidole cha upande wa kushoto wa Baba. "Hicho kinacheza," Baba akasema. Akachezesha cha kulia, juu. Kimya. Cha kulia, chini. Kimya. "Usinitoroke mzee, puani." Akakisogeza kidole kile taratibu kuelekea katikati, na kilipokaribia kabisa pua yake ndipo Baba akasema kimetokea. Wakabadilisha jicho, majibu yakawa yale yale. Kazi nzima haikumaliza dakika tatu, haikuhitaji umeme wala mgonjwa anayejua kusoma, na hapakuwa na kifaa chochote zaidi ya vidole viwili na pua.

"Binti," Baba akamuuliza daktari, "hicho kidole ulikuwa nacho muda wote?"

"Nilikuwa nacho, mzee."

Baba alinyamaza kidogo. "Basi yule kijana wa baiskeli tulimdhulumu."

Daktari alitueleza kwa upole kwamba uwezo wa kuona ukirejea wenyewe, kwa kawaida hurejea katika wiki za mwanzo na miezi mitatu ya kwanza, na kwamba baada ya nusu mwaka tumaini hilo huwa dogo. Hakutulaumu. Sisi wenyewe tulihesabu ndani ya basi la kurudi: ilikuwa miezi minane. Hata kama tungejua mapema hakuna dawa ambayo ingelirudisha eneo lile la ubongo, hilo nalielewa; lakini kuna baiskeli ambayo isingemgonga, kuna miwani ambayo tusingeinunua, na kuna siku mbili za kununiana.

Nilidhani Baba ni bahati mbaya ya peke yake, hadi nilipoanza kusoma. Profesa Fiona Rowe wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzake waliwapima macho wagonjwa wa kiharusi katika hospitali tatu za Uingereza, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2019, takribani watu 6 kati ya kila 10 walionusurika walikuwa wamepata tatizo jipya la kuona. Ukiwajumlisha na waliokuwa na matatizo ya zamani, idadi ilifika asilimia 73. Wengine wanapoteza nusu ya uwanja wa kuona kama Baba, wengine wanaona kitu kimoja viwili viwili, wengine macho yanatetemeka, na wengine wanaona lakini ubongo unaupuuza upande mmoja. Wengi hawalalamiki. Aliyepoteza usemi hana namna ya kulalamika, na ambaye ubongo wake umeacha kuutambua upande mmoja hajui kuna cha kulalamikia. Kwa hiyo ukingoja mgonjwa aseme mwenyewe, utawakosa hasa wale walioumia zaidi.

Sasa peleka hesabu hiyo kwetu. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti walifuatilia kiharusi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam, na baada ya kusawazisha tofauti za umri walikuta takribani watu 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na takribani 316 Dar es Salaam, kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri. Chanzo kikubwa ni presha isiyotibiwa, ambayo Baba aliishi nayo kwa miaka akiiita uchovu. Kila anayenusurika kati ya hao ana nusu mbili za dunia zinazopaswa kupimwa kwa vidole viwili. Hapo ndipo naona dhuluma yenyewe inapoanza, na wala haianzii kwenye mashine za bei ghali. Mgonjwa wa kiharusi hupita kwenye mlango mmoja wa hospitali, ambako watu wanatazama miguu, mikono na presha. Mgonjwa wa macho hupita mlango mwingine, ambako watu wanatafuta mtoto wa jicho, presha ya macho na namba ya miwani. Baba alipita milango yote miwili, na katika kila mmoja aliambiwa kwa nia njema kabisa kwamba yuko salama. Kwenye wodi za kiharusi za Uingereza kuna wataalamu wa mwenendo wa macho, wanaoitwa orthoptisti, wanaomfuata mgonjwa kitandani. Hata huko huduma hiyo hailingani kati ya hospitali na hospitali, lakini angalau kazi hiyo ina mwenyewe. Kwetu haina mwenyewe. Nchi haikukosa watu wa macho. Hospitali ya KCMC kule Moshi inafundisha wataalamu wa macho, na hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam inajulikana hadi vijijini. Kilichokosekana ni mtu wa kumshika mkono mgonjwa kutoka mlango wa kwanza hadi wa pili.

Na anayekosa mtu huyo hulipa kwa nauli. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita 350 hivi, na Baba hawezi kusafiri peke yake, kwa hiyo kila miadi ni nauli za watu wawili kwenda na kurudi, siku mbili za kazi zangu, na ndugu wa Mbagala wa kumwomba malazi. Tena Baba ni mstaafu wa serikali mwenye kadi ya bima. Bima haimlipii mtu basi.

Kisha kuna jambo la karatasi, ambalo lilinikera kuliko nauli. Nilipokwenda kuuliza kama anaweza kutambuliwa kuwa mtu mwenye ulemavu wa kuona, mhudumu alitazama cheti kilichoandikwa 6/9 kwa macho yote mawili (yaani anasoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9), akaniuliza kwa heshima, "Sasa dada, haoni nini?" Simlaumu, karatasi ilikuwa upande wake. Kwa kipimo cha kimataifa, kipofu ni yule ambaye jicho lake lililo bora linaona chini ya 3/60, au ambaye uwanja wake wa kuona umebaki nyuzi 10 tu kuzunguka katikati. Baba ana katikati safi na nusu nzima ya kushoto. Kwenye fomu ni mtu anayeona. Kwenye barabara za Tanzania, ambako tunaendesha kushoto na gari la kwanza kumfikia mvukaji hutokea kulia, ni mtu asiyepaswa kuvuka peke yake.

Mazoezi anayofanya hayana siri. Kwa kuwa nusu iliyopotea hairudi, anafundishwa kuipeleka nusu iliyobaki huko kwenye pengo: kugeuza kichwa kwanza, macho yafuate, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kungoja kitu kimshtue. Mama aliushona utepe mwekundu, akaubandika kwenye ukingo wa kulia wa ubao anaolazia gazeti, na sheria ni kwamba mstari haujaisha hadi auone utepe. Msikitini anasimama mwisho wa safu upande wa kulia, karibu na ukuta, ili majirani wote wa safu wawe upande anaouona. Ila njia iliyofanya kazi kuliko zote haikutoka kwa daktari. Baba alikuwa akisahau kugeuka kila tulipofika barabarani, hadi siku moja Mama akamwambia, "Toa salamu kwanza, mwalimu." Kila mwenye kuswali anaijua ile salamu ya kumaliza sala, kichwa kikigeuzwa kulia mpaka shavu linaonekana na aliye nyuma, kisha kushoto. Shingo yake imelifanya hilo mara nyingi kila siku kwa zaidi ya miaka 60. Sasa kabla ya kukanyaga lami anatoa salamu, kulia halafu kushoto, tena kwa utulivu unaowafanya madereva wa bajaji wasimame wakidhani anawaombea dua.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi mama mmoja ambaye nitamwita Bi Mwanaidi, ingawa si jina lake. Alipata kiharusi mwaka ule ule, upande wa kushoto wa mwili, na hakupelekwa hospitali hadi siku ya nne kwa sababu familia ilisema amepitiwa na upepo mbaya. Sicheki. Watafiti waliowauliza watu wa Hai na wa Dar es Salaam kuhusu kiharusi, kazi yao ikachapishwa mwaka 2008, walikuta watu wa mjini Dar es Salaam ndio waliokielekeza zaidi kwa mashetani na uchawi, na nikimkumbuka mjomba wangu na baraka zake za msahafu, naona sisi tuliosoma hatukufika mbali zaidi yao. Bi Mwanaidi hana bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, lakini kadi haijafika kwenye meza yake ya vitumbua, ambayo aliirudia mara tu mguu ulipopata nguvu, kwa kuwa ndiyo inayolisha nyumba.

Nilikwenda kununua vitumbua asubuhi moja nikakaa kwenye benchi kusubiri. Chuma chake kina mashimo saba. Alimimina uji wa mchele kwenye yote kwa kufuata ukingo kwa kidole, mazoea ya miaka, kisha akaanza kuvigeuza. Vya kulia na vya katikati vilitoka rangi ya dhahabu. Vitatu vya kushoto vikaanza kutoa moshi, vikawa vyeusi, naye akaendelea kupuliza makaa na kuniuliza habari za Baba. Binti yake alikuja mbio, akaving'oa kwa kijiti, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama siku hizi amekuwa mzembe, kila siku anaunguza na wateja wanapungua, na juzi ameshika chungu cha mafuta upande ule bila kujua. Alinionyesha kiganja cha mama yake. Kovu bado lilikuwa linang'aa.

Nilimwomba Bi Mwanaidi ruhusa. Nikavuta kigoda, magoti yetu yakakaribiana, nikamwambia anitazame puani, nikanyanyua mikono yangu kama nilivyoona Dar es Salaam. Mimi si daktari, na nilimwambia hivyo. Kidole cha kulia alikiona mara moja. Cha kushoto hakukiona juu, hakukiona chini, na nilipochezesha vyote viwili kwa pamoja alinijibu kwa uhakika kwamba kinacheza kimoja.

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu, ameona yote. Aliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria nilipovuta kigoda: "Sasa dada, tumpeleke wapi?" Nikamwandikia jina la kliniki ya Dar es Salaam na siku ambazo daktari yule hukaa. Akakunja karatasi, akaiweka kwenye kibubu cha hela za vitumbua. Hiyo ilikuwa mwezi wa Rajabu. Sasa tumeingia Shaabani, hawajaenda, na chuma kimegeuzwa ili mashimo ambayo hayatumiki yawe upande wa kushoto.